Mama Mkwe kwa Siku Tatu Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Dada Violeth, afisa ustawi wa shirika linalotupangisha nyumba, ametugawia madaftari. Kasema tuandike malengo yetu. Tereza wa nyumba namba nne ameandika cherehani. Nasma wa namba tisa ameandika friji la kuuzia barafu. Mimi lengo langu ni moja: nisitolewe hapa.

Kule nilikokuwa napanga, mvua ikinyesha tulipanda mezani na godoro, mimi na wanangu watatu, tunasubiri iishe kama kuku. Hapa Paa Letu, nyumba namba saba, nina vyumba viwili, bati lisilo na tundu, bomba uani, na kodi ambayo maandazi yangu yanaiweza. Mkataba wangu unaisha tarehe 28. Shirika likiridhika linaongeza mwaka. Nimeliridhisha miezi kumi na moja. Imebaki Februari tu, na Februari ni fupi.

Saa nane mchana kashuka mama mkwe kutoka Gulwe.

Alikuja kwa treni. Mizigo: boga moja, kuku mmoja hai, na jembe lake mwenyewe limefungwa kwenye khanga. Jicho la kushoto limeingiwa na mtoto wa jicho, la kulia linaona ukungu. Hospitali wamempangia upasuaji tarehe 27. Nimehesabu kwa vidole, nikaazima na vya Rose binti yangu. Siku ishirini na nne!

Kanuni za shirika zimebandikwa ukutani pale bombani. Namba nane inakataza mifugo. Kuku tumemla jioni hiyo hiyo. Namba tisa ni ngumu zaidi: Mgeni asizidi siku tatu. Niliisoma mwenyewe herufi kwa herufi mwaka jana, darasa la nne langu halikupotea bure. Ndiyo maana tangazo langu la maandazi nililibandika hapo hapo chini yake, kwa uji wa ngano. Pale kila mtu anapita.

Nimempigia mume wangu Pantaleo, yuko machimboni Kahama. Nikamuuliza tufanyeje. Akasema mama yake asinyanyaswe, na nyumba isipotee. Nikamuuliza tena, sasa tufanyeje. Simu ikakatika. Hukatika hapo kila mara.

Jumatano, 5 Februari

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama mkwe hakusubiri kupewa. Nimeamka nikamkuta nyuma ya nyumba amelima mpaka ukutani, ardhi imelainika kwa mvua, anapanda mbegu za lile boga. Anamsalimia kwa Kigogo kila anayekwenda bombani: Mbukwenyi! Mbukwenyi! Sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

Nikamwomba apumzike ndani. Akasema ndani hakuna cha kulima.

Arafa kamwona. Arafa ni wa namba kumi na mbili, mwenyekiti wa wapangaji, muuza chapati pale getini, na mtu wa daftari. Kila asubuhi ananunua andazi moja kwangu, analiminya, anarudi kwake bila kusema kitu. Leo kaminya kisha kauliza: Mama Rose, yule bibi wa nani?

Nikasema mgeni, kesho anaondoka. Si uongo. Sikusema anaondoka kwenda wapi.

Mpango umenijia wakati nakanda unga. Kanuni inasema mgeni asizidi siku tatu. Haisemi siku tatu mara ngapi. Nyumba ziko kumi na mbili!

Alhamisi, 6 Februari

Mama mkwe amehamia kwa Tereza.

Nilimwambia ni desturi ya mjini, majirani humwalika mkwe wa mwenzao awabariki. Akasema kule Gulwe watu wamesahau utu wa namna hiyo. Akafuta jicho kwa ncha ya khanga. Nilijisikia vibaya sana. Nikambebea jembe.

Tereza kakubali kwa maandazi kumi. Ni rafiki yangu, ndiyo maana ni kumi tu.

Nimemvalisha khanga yangu ya njano badala ya ile yake nyekundu, Arafa asimtambue. Nina akili jamani. Basi tu sikusomeshwa.

Jumapili, 9 Februari

Jana ilikuwa siku ya tatu kwa Tereza. Jembe. Nyuma ya namba nne sasa kuna matuta ya kunde. Tereza kaja kuniomba abaki naye, anasema tangu bibi aje watoto wanakula wakiwa wamekaa chini. Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akasema maandazi kumi atanirudishia. Nikakataa. Mama mkwe si wa kuuza.

Amehamia kwa Nasma. Khanga ya bluu.

Arafa tena, mkono kwenye andazi: na yule bibi wa khanga ya njano kwa Tereza, ni nani? Nikasema simjui. Nasikia Tereza naye aliulizwa, akasema akamuulize Nasma. Nasma akasema yeye hana bibi, ana mgeni. Wamejibu vizuri sana wote. Arafa kaondoka anaandika.

Jumanne, 11 Februari

Nyuma ya namba tisa: mlenda.

Jumatano, 12 Februari

Majanga.

Nimemrudisha mama mkwe kwangu, siku zinaanza upya, khanga ya zambarau. Mchana Dada Violeth katuita wote bombani. Sura haikuwa ya kugawa madaftari. Kasema shirika limepata taarifa kutoka kwa mwenyekiti kwamba kuna bibi wanne wanaishi humu bila kujulikana. Akamwomba Arafa asome.

Arafa akasoma. Bibi wa kwanza, namba saba, khanga nyekundu. Bibi wa pili, namba nne, njano. Wa tatu, namba tisa, bluu. Wa nne kaingia leo asubuhi, namba saba tena, zambarau. Wote warefu. Wote wanasema Mbukwenyi. Kila mmoja ana jembe lake.

Akafunga daftari, akasema kwa wasiwasi kabisa kwamba huenda ni kikundi.

Dada Violeth akasema Ijumaa atakagua nyumba zote, mlango kwa mlango, akiongozana na mwenyekiti. Atakayekutwa anaficha wageni, mkataba wake utajadiliwa. Alisema wake nani? Alisema atakayekutwa. Lakini alikuwa ananitazama mimi. Au tangazo langu, liko usawa wa kichwa changu.

Jioni nimesinzia, nikaota meza ile ya kule nilikokuwa napanga. Godoro lilikuwa limelowa.

Alhamisi, 13 Februari

Nimewaza siku nzima. Maandazi yameungua mara mbili, nimeyauza kama ya kukaanga sana.

Kumpeleka stendi? Haoni. Kwa Tereza? Atakaguliwa. Kanisani? Atalima.

Saa kumi jioni nimepata. Nani anakagua? Dada Violeth na Arafa. Nyumba gani mkaguzi hawezi kukagua? Ya mkaguzi! Arafa atakuwa anazunguka na daftari lake, mlango kauacha wazi kama kawaida yake ya kujionyesha hana cha kuficha. Mama mkwe atakaa kwa Arafa muda wa saa mbili tu, kimya, mpaka waishe.

Nimemwambia kesho kuna mwaliko mwingine, wa mwenyekiti mwenyewe. Kauliza kama ni mwaliko mkubwa. Nikasema mkubwa kuliko yote. Kajipaka mafuta mpaka viwiko.

Ijumaa, 14 Februari

Arafa alipotoka tu nikamwingiza mama mkwe kwake, na saa tatu ukaguzi ukaanza. Namba moja, mbili, tatu, safi. Kwa Tereza, hakuna bibi. Kwangu, hakuna bibi. Nikawakaribisha maandazi. Arafa akaminya. Kwa Nasma, hakuna bibi. Arafa akaanza kutoka jasho. Nikamwonea huruma, kwa kweli. Nikamwambia labda macho yake, aende hospitali, kuna foleni lakini wanatibu.

Namba kumi na moja ikaisha. Nikasema haya, poleni na kazi. Arafa akasema hapana! Kiongozi ni mfano. Na yeye akaguliwe, tena watu wote waingie waone.

Nikawaita warudi kwangu kwenye maandazi, hakuna aliyegeuka.

Mlangoni kwa Arafa alikuwa amesimama mama mkwe, khanga nyekundu yake mwenyewe, jembe mkononi, matope hadi magotini. Akamwambia Arafa: Mbukwenyi, karibuni, piteni ndani, mwenye nyumba katoka kidogo.

Mimi nilisahau. Tangu arudi kwangu, leo ilikuwa siku ya tatu.

Maua yote ya Arafa, yale aliyoyabeba kwa mikono kutoka Kondoa, yalikuwa yamelala njiani kwa mstari mmoja, yameng'olewa na mizizi. Mama mkwe akamweleza kwa upole: magugu yalikuwa yamekuzidi mwanangu, sasa utapata boga.

Akaendelea. Akasema amezunguka, amezeeka, lakini utu wa hapa hajauona popote. Kila siku tatu wanamgombania. Alianza kwa mkwe wake namba saba, akaalikwa kwa Tereza, kisha kwa Nasma, na leo kwa mkubwa mwenyewe. Hata khanga wanambadilishia! Akanishika mkono mbele ya wote akasema huyu ndiye aliyepanga yote.

Hapo nikaona sasa nimekwisha.

Dada Violeth akaniita bombani, mimi na yeye tu. Wengine wote wakaja. Akaniuliza kwa nini sikumwandikisha mama. Nikamwonyesha kanuni namba tisa, nikamsomea kwa kidole: Mgeni asizidi siku tatu. Akaniambia niendelee. Nikasema imeishia hapo, chini ni maandazi yangu. Akaingiza ukucha, akabandua tangazo taratibu. Chini yake imeandikwa: bila kuandikishwa kwa afisa ustawi. Kuandikisha ni bure. Wagonjwa na wazee wanapewa kipaumbele.

Watu walicheka mpaka Nasma akakaa chini. Dada Violeth hakucheka. Kasema mwaka mzima anatuhubiria tulime bustani za mboga, hakuna aliyeshika jembe, leo anaziona nne, na zote ni za mtu asiyeona. Kasema fomu nitaipata kesho. Nikauliza na mkataba je? Akasema kwanza fomu, Mama Rose.

Kwanza fomu. Maana yake nini, kwanza?

Arafa akafuta bibi watatu kwa rula. Kisha akadai siku zake tatu. Kasema wengine wote wamepata, na maua yake nani atayapanda?

Jumamosi, 15 Februari

Asubuhi nimempelekea mama mkwe uji kule kwa Arafa. Wanapanda maua pamoja, Arafa anashika, mama mkwe anaambiwa hilo si gugu. Arafa kala andazi langu lote bila kuliminya. Kasema chumvi imezidi.

Niliinama kumwomba mama radhi. Akasema alijua tangu khanga ya njano, haoni lakini si mjinga. Hakutaka kunifedhehesha mbele ya wenzangu. Ila akanipa ushauri: mkwe wangu, ukimficha mtu, usimwachie jembe.

Mchana Dada Violeth kaleta fomu. Ukurasa mmoja tu. Jina la mgeni, nimejaza. Uhusiano, nimejaza. Sababu, nimeandika macho. Ya mwisho: idadi ya siku zinazoombwa. Kasema niandike ninazohitaji, nisiogope, Jumatatu nirudishe.

Nikaandika 60 kwa penseli, maana baada ya upasuaji kuna kliniki. Nikaiangalia. Sitini ni nyingi, watasema nimegeuza nyumba yao wodi. Nikafuta. Nikaandika 30. Mwezi mzima? Na mkataba bado haujatiwa saini? Nikafuta. 14. Nikafuta. Karatasi ikaanza kutoboka.

Nimeandika 3. Kwa wino. Wataona mimi si mtu wa tamaa.

Zinaanza Jumatatu akitoka kwa Arafa. Alhamisi atahamia kwa Tereza. Tangazo langu nimelirudisha pale pale, uji ulikuwa umebaki. Na Nasma ameniazima khanga ya kijani, hiyo Arafa hajawahi kuiona.