Mashine Isiyoendeshwa na Kila Mtu

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ametoa hukumu wakati wa chai. Tunanunua kisanduku. Unakichomeka nyuma ya TV, unakiunga na intaneti, basi, filamu za dunia nzima zinamiminika sebuleni. Ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Shemeji, kaka yake, anacho. Hakuna kitu kizuri ambacho shemeji hana.

Haraka yote hii ni ya Jumamosi. Mama mkwe anakuja. Harusi ya binti yake wa mwisho ilimpita akiwa amelazwa, na video yake imeletwa kwetu kwenye flashi. Mke wangu anataka mama aione vizuri, kwenye kioo kikubwa.

Nikauliza ni nani atakayekiendesha hicho kisanduku. Akasema hakiendeshwi, kinabonyezwa. Hata Mdogo, kitindamimba wetu, anakiweza.

Hapo chai ikanishinda. Enzi za antena, picha ikikatika nyumba nzima ilikuwa inaniita mimi. Napanda juu ya bati, nazungusha bomba, nauliza vipi sasa, na watoto wanajibu kwa pamoja bado, baba, bado kidogo! Nilikuwa mtu. Siku hizi naombwa mambo mawili tu: nauli, na kusogea kidogo. Kisanduku kikiingia nitakuwa sawa na kochi. Afadhali kochi, watu hulikalia.

Jumanne, 5 Machi

Baada ya kazi nimepita dukani. Muuzaji akanisifia kisanduku mpaka mate yakamkauka. Rahisi! Hata bibi kizee atakiweka mwenyewe! Nikamwambia nitarudi. Sitarudi.

Nikaenda kwa fundi Waya. Anaitwa hivyo kwa sababu kila mfuko wake unaning'inia waya. Yeye akanieleza kuhusu kompyuta ya sebuleni: inakaa chini ya TV, inahifadhi filamu, inapiga muziki, ina kibodi yake na mambo yake. Nikamuuliza kama mtoto anaweza kuiendesha. Akacheka. Akasema hii haiendeshwi na kila mtu, hata yeye kuna siku inamtoa jasho.

Nadhani alikuwa ananionya. Nikampa kishika uchumba pale pale.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba visanduku hulipuka. Akauliza nani kasema. Nikasema wataalamu. Akaendelea kukunja nguo.

Jumatano, 6 Machi

Imefika. Si ndogo. Mke wangu ameuliza kama tumeleta jokofu la pili. Feni yake inavuma kama mashine ya kusaga, lakini huo ni mvumo wa nguvu, si wa udhaifu.

Nimeiwekea neno la siri. Refu, lina herufi kubwa na ndogo na alama ambayo hata mimi jina lake silijui.

Waya, kabla hajaondoka, amesisitiza jambo moja. Mashine iachwe inawaka, imeungwa na intaneti, ijisasishe mpaka itosheke. Nisiikatishe. Nikaitikia kwa kichwa kama muumini. Alipovuka tu mlango nikawaza: ikibaki inawaka, Mdogo ataigusa. Akiigusa ataijua. Akiijua, kwisha habari yangu. Nimeizima. Waya wa umeme nimeufungia kabatini, ufunguo ninao mfukoni.

Alhamisi, 7 Machi

Siku njema! Au ilianza hivyo.

Nilikuwa kazini, stoo ya kiwanda cha magodoro, nahesabu vitambaa. Simu ikaita. Mke wangu. Kumbe waya wa birika la umeme unaingia kwenye kompyuta vizuri kabisa. Wameiwasha, na sasa inadai neno la siri. Akaniomba nimtajie.

Miaka mingi sijasikia sauti ile, sauti ya mtu aliyekwama na wa kumkwamua ni mimi. Nikamwambia neno la siri halitajwi kwenye simu, kwa usalama. Wazime, watulie, nakuja mwenyewe. Nikamuomba bosi ruhusa, nikasema nyumbani kuna dharura. Akauliza nani anaumwa. Nikasema hali bado haijajulikana.

Nimefika nahema. TV imefunikwa kitambaa. Mke wangu anamenya viazi. Mdogo yuko uani anaruka kamba, ncha moja kaifunga kwenye nguzo. Nikawauliza na filamu je? Wakasema aa, walishasahau.

Mdogo akaniomba nimshikie kamba, maana nguzo haizungushi. Nikamwambia baba hana muda, kuna mashine ndani.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi ameuliza mgonjwa anaendeleaje. Nimesema amepata nafuu. Amenipa pole, na machungwa nimpelekee. Nimeyala njiani.

Jumamosi, 9 Machi

Sina nguvu ya kuandika, lakini nisipoandika nitapasuka.

Mama mkwe alifika mapema. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, ila mkoba wake wa mkononi akakataa usiguswe. Wakakaa. Mimi nikasimama mbele yao na kibodi juu ya sinia. Nikatoa maelezo machache kuhusu teknolojia. Nikawasha.

Kioo kikawa bluu. Maandishi yakatokea: inajisasisha, usizime. Asilimia tatu.

Tukasubiri. Feni ikavuma. Asilimia nne. Mama mkwe akavaa miwani, akasogea mbele, akakodolea macho kioo kile cha bluu kwa heshima zote. Baada ya muda mrefu akaniuliza kwa upole, mkwe wangu, bibi harusi ni yupi hapo?

Nikamwambia hajafika, mama. Yuko njiani.

Mke wangu hakunitazama. Angenitukana ningepona.

Tulipofika asilimia kumi na moja mama mkwe akaufungua mkoba. Akatoa leso, akaifungua pole pole. Ndani, kisanduku! Shemeji alimnunulia. Anasafiri nacho popote, kama wenzake wanavyosafiri na dawa zao. Akaniomba nimuwie radhi, akainuka akishika kiuno, akachomeka kisanduku, akachomeka flashi, akabonyeza. Binti yake akatokea kwenye kioo, anacheka. Mama mkwe akaanza kulia. Mke wangu naye akalia.

Nikaibeba kompyuta hadi jikoni ikamalizie asilimia zake. Nikakaa nayo, karibu na gunia la viazi, nikawasikiliza wakishangilia upande wa pili. Nimeumia. Nisijifanye, nimeumia sana.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi mke wangu amenieleza bila kuzunguka. Hakuna aliyekuwa anatafuta mtu wa kuendesha TV. Jana mama aliacha nafasi pembeni yake, video nzima, na Mdogo alipotaka kuikalia alizuiwa, akaambiwa hapo ni pa baba. Walitaka nikae tu. Basi.

Maneno haya yameniingia. Nimeyatafakari hadi mchana, na sasa nimeelewa. Ile nafasi iko karibu kabisa na mashine ya intaneti, ile ya ukutani inayosambaza mtandao nyumbani. Mama mkwe ni mtu mzima, anaona mbali. Kisanduku bila intaneti kinabaki na flashi moja tu, na harusi hairudiwi kila siku. Kumbe kosa langu lilikuwa kuchagua mashine. Nilipaswa kuushika mzizi wenyewe.

Nimebadilisha neno la siri la intaneti. Niko chumbani, mlango nimeuacha wazi kidogo wasipate taabu ya kuniita.

Filamu waliyokuwa wakiitazama sebuleni kwa kisanduku cha mama mkwe imekatika. Nimesikia mama mkwe akisema aa, imekwenda. Nimekaa vizuri kitandani, nimefunga kifungo cha shati.

Sasa wanacheka. Mama mkwe anasimulia siku niliyofika kwao mara ya kwanza, na viatu vya kuazima. Mke wangu ameita, baba watoto, njoo, unasimuliwa wewe. Nimejibu siwezi kutoka, huenda intaneti ikahitajika.

Mdogo amekuja mlangoni. Bibi anauliza vile viatu vilikuwa rangi gani. Nimemuuliza kama TV ina tatizo. Amesema wameizima. Amekimbia kurudi asipitwe.

Nasubiri.