Diski ya Msasa Kifuani kwa Mzee wa Kanisa

Leo nimeaibika hapa Katesh, na ninasema mwenyewe kabla fundi jirani hajawatangazia.

Mnajua mimi ni fundi seremala (ndiyo, mwanamke, endeleeni). Kanisa moja la Hirbadaw linataka mabenchi ishirini. Mzee wa kanisa aliniambia nitengeneze moja la mfano, leo saa nne aje kulikagua. Likimpendeza, kazi ni yangu. Lisipompendeza, anakwenda kwa jirani, ambaye mwezi mzima anawauliza wateja kama nyumbani kwangu hakuna vyombo vya kuosha.

Asubuhi diski za mashine ya msasa zikaniishia. Nikakimbilia dukani. Mashine yangu ina matundu matano ya kunyonyea vumbi, diski zilizokuwepo zina manane. Muuzaji akaniambia kwa upole kwamba zile si za mashine yangu, vumbi litakosa njia, diski itapata moto na kuachia.

"Kaka, tundu ni tundu," nikamjibu. "Nifungie tatu."

(Kiburi hicho sikufundishwa na mtu.)

Nikabandika diski moja, namba 80, ile ya msasa mkali, nikawasha. Vumbi likanijaa hadi kwenye nyusi. Nikazidi kukandamiza, maana ubao ulikuwa bado una alama za randa na muda unakwisha.

Mara mzee akatokea mlangoni. Mapema! Amevaa sweta zito la sufu, baridi ya huku mnaijua. Sasa mimi nimelelewa Maretadu. Mama yangu angenisamehe kuunguza nyumba, lakini si kumwona mzee nikakaa kimya. Kuzima mashine? Nani akumbuke! Nikainuka nayo mkononi, inazunguka vilevile, nikainama kwa adabu zangu zote.

"Shikamoo mzee."

Diski ikaachia. Ikaruka, ikatua kifuani kwake, upande wa msasa ukanasa kwenye sweta. Ikabaki pale kama nishani, namba 80 inasomeka vizuri kabisa.

Mzee akaitazama. Akanitazama mimi.

"Marahaba," akasema.

Jirani alikuwa anachungulia dirishani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kulia, silii mbele ya yule mtu! Nikambandua mzee ile diski (nyuzi za sweta zikaja nayo), nikaomba radhi, nikachukua msasa wa mkono. Nikalisugua benchi lile mbele yake nusu saa nzima, jasho linanitoka. Nilipomaliza, mzee akapitisha kiganja juu ya ubao, kwenda na kurudi. Akakaa. Akanyoosha miguu.

"Mabenchi utatengeneza wewe," akasema. "Ila kukagua, nitakuja siku umeme umekatika."

Kazi nimepata, kwa hiyo chekeni mshibe. Ila ukija kuagiza kabati, nisalimie ukiwa barabarani.