Binti wa Nyumba ya Wastani

Inatangazwa kwa wakaazi wote wa bara ya Mombasa, kuanzia Likoni hadi Changamwe na kuzunguka mpaka Kisauni, ya kwamba Nyumba ya Wastani imepatikana.

Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe, Nicanor, Karani Mkuu wa Idara ya Wastani, mwaka wa 1962, nikiwa nimesimama juu ya sanduku ili heshima ya Idara ionekane kwa mbali. Watu walipiga makofi. Hawakujua ni nyumba gani iliyokuwa imepotea, lakini walifurahi kusikia imeonekana.

Yafaa nieleze kazi yetu, maana wenye wivu wameisema sana. Bwana Profesa, mtafiti kutoka chuo kimoja cha ng'ambo, alikuja na mtambo mkubwa kama makabati mawili ya nguo. Chakula chake kilikuwa kadi. Kila mkaazi wa bara alitobolewa kadi yake: tundu hapa, mwanamke, tundu pale, ana baiskeli. Mtambo ulijua lugha moja tu, lugha ya matundu. Penye tundu ni ndiyo, pasipo tundu ni la.

Matata yalianzia Utange. Tulimwuliza mzee mmoja kama atanunua baiskeli mwaka huu, akajibu, "Inshallah." Kiembeni nako wakajibu hivyo hivyo. Mtambo haukuwa na tundu la Inshallah. Ikaundwa kamati, nami nikawa katibu wake, na baada ya chai nyingi Bwana Profesa akaandika Kanuni kwa mkono wake: jambo lolote lililojibiwa Inshallah litabaki kama lilivyo mpaka jibu kamili lipatikane. Tulipeana mikono. Kanuni nzuri kama hiyo haipatikani kila siku.

Mtambo ulipotoa hesabu, ilionekana kwamba nyumba ya wastani ina watu wanne na sehemu tisa za kumi. Tuliitafuta, tukaipata Kisauni kwa Bwana Idarus, fundi wa viatu. Alikuwa na mkewe Barke, binti yao Johari na wavulana wawili. Hao ni watano, nakubali, lakini Idarus alikuwa amekatwa kidole cha mguu na gurudumu la mkokoteni. Bwana Profesa alipatazama mahali pa kidole kwa muda mrefu, akaridhika.

Tangu hapo hatukuwa na haja ya kuzurura juani. Tulimwuliza Idarus, basi. Barke alipokohoa, dawa ya kikohozi ilipelekwa Likoni lori zima. Idarus alipochoshwa na maharagwe, maduka ya Changamwe yalikatazwa kuyauza. Watu walinung'unika, lakini watu hawajui wanachotaka mpaka kihesabiwe.

Kisha Johari akachumbiwa.

Mchumba aliitwa Mbarak, fundi cherehani wa Magongo, kijana mtaratibu asiye na neno na mtu. Idarus alikuja ofisini na mkewe na bintiye kutuarifu, kama ilivyotakiwa.

"Bwana Karani," alisema, "mwanangu yuwaolewa mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, inshallah."

"Umesema Inshallah," nilimwambia. "Kwa Kanuni, jambo hilo litabaki kama lilivyo."

"Kwani ni neno la kuzuia harusi hilo?"

"Tena anayehama Nyumba ya Wastani apate idhini mbili, ya Mkuu wa Nyumba na ya Idara. Mkuu wa Nyumba ni wewe, hiyo ipo. Ya Idara haipo."

Bwana Profesa alitoka kwenye mtambo wake kuwaeleza kwa upole. Johari akiondoka, kila nyumba ya bara itakuwa imepungukiwa na mtu. Nani atajibu kwa maelfu hayo yaliyotoweka? Isitoshe, kitabu chake kuhusu nyumba hiyo kilikuwa kwa wapiga chapa, na chuo kilikuwa kimemwahidi cheo kikubwa kitabu kikitoka.

Johari alikuwa akilia, ila sauti yake haikutetemeka. "Nimemngoja Mbarak miaka miwili. Nguo ya harusi keshaishona kwa mkono wake. Nikae kwa baba mpaka nizeeke, kwa sababu ya kabati lenu?"

Nilimwonea huruma, wallahi, ingawa mimi ni Mkristo na kiapo hicho nimekiokota hapa hapa pwani. Lakini huruma haikuwa kazi ya Idara.

Barke ndiye aliyetufungua. "Nyinyi mwataka watu watano," alisema. "Johari akitoka, leteni mtu akae mahali pake. Mimi sina kinyongo na mgeni."

Lilikuwa shauri la kisayansi. Nilitafuta mtu bara nzima. Mimi nilikuwa na kadi Changamwe. Mutua, mwendesha mtambo wetu, alikuwa na kadi Magongo. Kumtoa mtu nyumba moja ni kuibomoa nyumba hiyo. Mtu mmoja tu hakuwa na kadi popote: Bwana Profesa, kwa sababu anayehesabu hajihesabu.

Alifikiri mpaka saa ya chai, akafikiria cheo chake, akakubali. Alidhani ni mambo ya karatasi tu. Lakini kadi ya mtu wa tano ilikuwa imeshamezwa na mtambo, nayo ilisema mwanamke, miaka kumi na tisa, hajaolewa, kazi yake kuteka maji.

"Bwana Profesa," nilimkumbusha, "wewe mwenyewe hutuambia utafiti ni ukweli."

Idarus akajibu ndiyo kamili, bila Inshallah, na harusi ikafanyika. Johari alikwenda Magongo kwa ngoma na vigelegele, anang'aa, na Profesa alikuwa jikoni na wasichana wenziwe akimenya vitunguu. Kesho yake alfajiri alikwenda bombani na debe.

"Liweke nyuma ya langu, mwanangu," Mwanatabu, jirani yao, alimwambia. "Wasichana hungoja."

Barke alimfunza adabu bila ukali. Alipomwita mara ya kwanza, Profesa aliitika "Labeka," kama mwanamume. Barke akamwambia binti huitika "Abee." Tukalitoboa hilo pia.

Kitabu kilitoka, kikasifiwa sana huko ng'ambo. Ukurasa wa kwanza unasema Nyumba ya Wastani haibadiliki wala haidanganyi. Cheo kikawa tayari, kinamngoja mwenyewe.

Desemba ya 1963 bendera ikabadilishwa. Wakubwa wakafunga masanduku yao, nami nikakabidhiwa meza ya Mkurugenzi. Mtu wa kwanza kuniletea ombi alikuwa Profesa, tikiti ya meli mkononi, bega moja limeshuka upande wa debe.

"Nicanor, nataka kwenda kwetu."

"Bwana Mkurugenzi," nilimsahihisha. "Idhini ni mbili. Ya Idara ipo, nakupa sasa hivi kwa moyo mkunjufu. Ya Mkuu wa Nyumba iko wapi?"

"Nikiondoka tu bila idhini?"

"Basi kitabu chako kitakuwa kimesema uongo, na chuo nitakiandikia. Ukweli ni ukweli."

Tulikwenda Kisauni pamoja. Idarus alikuwa barazani akishona kandambili, na Johari, aliyekuja kuwaamkia wazazi, ameketi mkekani, mtoto mapajani.

"Shikamoo," alisema Profesa.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuomba idhini ya kusafiri. Meli yaondoka Jumamosi."

Idarus alivuta uzi, akaukata kwa meno. Alimtazama bintiye, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayekumbuka kitu alichoambiwa ofisini.

"Inshallah," akasema.

Profesa alinigeukia, uso umemwiva. "Hiyo ni ndiyo au ni la?"

Niliitoa Kanuni mfukoni na kuikunjua, nikamwonyesha mwandiko wake mwenyewe. Aliusoma mpaka mwisho, akarudia tena.

Barke akaita kutoka ndani kwamba mtungi umekauka.

"Abee," Profesa akaitika, akalichukua debe lake.