Ioni Hazinibabaishi

Jumatatu, 4 Machi
Dada kanipa sharti! Mimi, kaka yake wa tumbo moja! Binti yake akifeli mtihani wa kemia Alhamisi, nihame chumba cha uani, aingie yule mfamasia jirani, eti ana adabu. Nimemwambia mpwa wangu nitamfundisha mwenyewe. Kemia nimezaliwa nayo.

Jumanne, 5 Machi
Somo la kwanza, meza ya jikoni. Gramu 11.1 za kloridi ya kalsiamu zina moli ngapi za ioni za kloridi? Mchezo wa watoto! Moli moja ni gramu 111. Gawanya: 0.1. Nikafunga kitabu.

Mpwa wangu akasema bado. Kila kalsiamu imeshikana na kloridi mbili, kwa hiyo tuzidishe kwa mbili: 0.2. Nikamuuliza nani kamfundisha upuuzi huo. Mfamasia! Nilijua tu. Nikamweleza taratibu: gramu ni zilezile, hizo za ziada zitoke wapi, mbinguni? Kloridi ni mbili, sawa, lakini zinagawana moli moja. Akaniangalia kwa huruma. Watoto wa siku hizi!

Jumatano, 6 Machi
Nimemzuia mfamasia. Nilimwambia binti ana homa, asije. Akaja na dawa! Akamkuta mzima, akakaa kumfundisha mpaka chakula cha jioni. Eti baiskeli kumi zina magurudumu ishirini. Nikamjibu yangu ina gurudumu moja tangu mwaka jana, na ni baiskeli vilevile. Kisha akala nyama yangu.

Jumatatu, 11 Machi
Amefaulu! Kaponea kwa alama moja tu. Dada kanikumbatia, kasema chumba ni changu. Ningekwenda kulala zangu. Lakini nikaiona karatasi. Swali la sita: 0.2. Tiki nyekundu, alama mbili! Damu ikanichemka. Mwalimu anapotosha watoto wa watu, na mimi ninyamaze? Thubutu!

Jumanne, 12 Machi
Nimefika shuleni kabla ya kengele. Nikadai tiki ifutwe. Mwalimu akanichorea ubaoni mara mbili, nikamwambia mchoro mzuri, jibu bovu. Akaniomba nimwache afanye kazi. Nikapanda kwa mkuu wa shule. Mkuu kanisikiliza mpaka mwisho, mtu mwungwana, kisha akampigia simu mzazi. Mzazi ni dada.

Jumatano, 13 Machi
Naandika kwenye benchi la wateja, kwa kinyozi. Godoro liko mlangoni. Jana dada kaniuliza, mtaa mzima ukisikia, ni mjomba gani anayekwenda kumnyang'anya mpwa wake alama. Binti alikuwa analia. Hilo limeniuma, siwezi kuficha. Mfamasia kanisaidia kubeba godoro, akanitakia usiku mwema. Mnafiki!

Wanadhani nimekwisha. Kinyozi ana binti, naye ana mtihani wa kemia wiki ijayo. Tumepatana: mimi nifundishe, yeye anipe pa kulala. Leo tumeanza na kloridi ya alumini. Kloridi tatu! Mtoto akataka kuzidisha kwa tatu. Nimemuwahi.