Kikosi Kazi cha Dawa za Mtandaoni Chatangaza Ushindi Mtaani Huruma

Mheshimiwa Naibu Kamishna, ambaye hayuko nasi lakini ametuma mwakilishi. Mheshimiwa mwakilishi, ambaye tumeambiwa yuko njiani. Chifu wetu na manaibu wake. Wazee wa mtaa na viongozi wa Nyumba Kumi. Wachungaji wa makanisa yote, yale ya mabati na yale ya mawe. Mwenyekiti wa Wahudumu wa Bodaboda, ambaye namuomba azime hiyo pikipiki (kicheko). Akina mama wa vikundi, vijana wa jua kali, wapangaji na wenye ploti, mabibi na mabwana wa Huruma, hamjambo? (Hatujambo, wanajibu walio mbele. Walio nyuma wanauliza kama spika inafanya kazi.)

Mimi kwa majina naitwa Joash Kipyego, Mkurugenzi Mratibu wa Kanda katika Mamlaka ya Uwiano wa Afya ya Kidijitali, na nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hata Makao Makuu wameutambua kwa maandishi, ili niwasilishe kwenu matokeo ya Operesheni Safisha Skrini, ambayo ni operesheni ya kimkakati, shirikishi, endelevu na yenye mwelekeo wa matokeo, iliyobuniwa ili kuchunguza, kufuatilia na kukomesha biashara haramu ya dawa na vifaa vya matibabu inayofanywa kwenye simu, simu hizo hizo ambazo nyinyi mnanirekodi nazo sasa hivi. (Simu kadhaa zinashushwa, kisha zinainuliwa tena.)

Ndugu zangu, takwimu za awali zinaonyesha kwamba asilimia kubwa ya wananchi wana simu, na asilimia kubwa zaidi wana ugonjwa fulani, na hesabu hizo mbili zikijumlishwa mnapata asilimia mia moja na kumi na nne, jambo ambalo linapaswa kututia wasiwasi sote. (Mwalimu mmoja anakohoa.) Sasa nisiende mbali wala kutumia maneno mengi, ingawa nimeruhusiwa. Nitatoa mfano hai, au kwa lugha ya warsha, case study, na mfano huo uko hapa kwenye kiti cha mbele. Mama Nabalayo, hebu punga mkono. (Mama Nabalayo anapunga mkono wa kulia. Makofi.)

Mama huyu mnamjua. Anauza nguo za watoto pale karibu na posho mill, kile kinu cha unga, na kwa muda mrefu amekuwa na presha. Alikuwa akienda kliniki, anapanga foleni, anapewa vidonge, anameza, anaishi. Lakini foleni ni foleni, na ukikaa kwa foleni asubuhi nzima, kibanda kimefungwa na wateja wameenda kwa jirani. Ndipo siku moja akaona kwa simu tangazo la mtu anayejiita Daktari Kim, amevaa koti jeupe na kifaa cha kusikiliza moyo shingoni, akiuza mashine ndogo ya kufunga mkononi inayopima presha, pamoja na vidonge vya majani ambavyo, kwa maneno ya tangazo lenyewe, vinamaliza presha isirudi tena. Mama akaagiza. Mzigo ukaletwa na bodaboda mpaka mlangoni, bila foleni, na kwa adabu ambayo, lazima tukiri kama serikali, hatujawahi kuifikia. (Kicheko kirefu.)

Akafunga mashine mkononi. Ikamwambia presha yake iko sawa kabisa. Asubuhi iko sawa, jioni iko sawa, akigombana na mwenye ploti iko sawa. Mama akafurahi, akamshukuru Mungu kanisani mbele ya watu, na vidonge vya kliniki akaviweka juu ya kabati akaviacha huko.

Jumapili moja, akiwa anavaa viatu aende ibada, kichwa kikawa kizito na maneno yakaanza kutoka yakiwa yamepinda. Bintiye Brigid, huyu msusi wa saluni ya kona, akamuuliza anaskiaje. Mama akaonyesha mashine: iko sawa. Brigid alikuwa ametoka kununua mkate kwa duka la Kiarie, jirani yao wa ploti. Sijui ni wazo gani lilimjia, lakini alimvua mama ile mashine, akaifunga kwa mkate.

(Walio nyuma wanasogea mbele wasikie.)

Mkate ulikuwa na presha nzuri sana. (Kicheko, kisha kinakatika, kwa sababu Mama Nabalayo hacheki.)

Brigid alimwita Kiarie, Kiarie akafunga duka, wakambeba Mama kwa pikipiki akiwa katikati yao mpaka hospitali. Madaktari walisema angechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine hapa leo. Alipona, ila mkono wa kushoto ukabaki dhaifu, na ndiyo sababu amepunga ule mwingine.

Hapo sasa, ndugu zangu, ndipo Kikosi Kazi changu kilipoingia kwa kishindo. (Sauti kutoka nyuma: Kiliingia wapi?) Swali zuri, na nitalijibu kiutaratibu. Brigid alifika ofisini kwangu kuripoti, na ni kweli hakunipata, kwa kuwa nilikuwa Naivasha kwenye kongamano kuhusu dawa za mtandaoni. Akarudi tena, na ni kweli hakunipata tena, kwa kuwa kongamano lilikuwa na awamu ya pili. Lakini alipokelewa vizuri, akaambiwa suala lake linashughulikiwa katika ngazi ya juu, na kwa kweli lilikuwa likishughulikiwa, kwa maana nilikuwa kwenye ghorofa ya mwisho ya hoteli. (Kicheko. Chifu anaangalia viatu vyake.)

Basi, chini ya uelekezi wa kimkakati wa ofisi yangu, ambayo kwa wakati huo haikuwa na habari, Brigid na Kiarie walianza uchunguzi. Brigid alimwandikia huyo Daktari Kim akijifanya mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa wanaotaka mashine nyingi kwa mpigo, akamwambia mzigo uletwe na yeye mwenyewe kwa duka la Kiarie, kwa kuwa akina mama wangependa daktari awafundishe kuitumia. Daktari akakubali bila hata kuuliza ni kanisa gani.

Akaja. Hakuwa na koti jeupe. Alikuwa kijana wa jaketi la mvua, na begi mgongoni, na Kiarie alimtambua papo hapo: ni Marvin, yule anayeuza chaja na kava za simu kwenye kibanda kule mjini, mtu ambaye Kiarie mwenyewe alikuwa amenunua earphone kwake wiki hiyo. Picha ya daktari ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, aliitoa kwa mtandao. Kiarie akasimama mlangoni, akamwambia akae chini.

Habari zikatoka nje, kama habari za Huruma zinavyotoka. Watu wakajaa mbele ya duka, na wengine walikuwa wameokota vitu ambavyo sitavitaja. Kiarie alikataa kufungua. Aliwaambia kupitia dirisha kwamba polisi wamepigiwa, na kwamba mtu akigusa huyo kijana hatauziwa kwa mkopo tena maisha yake yote, na nataka niseme kwamba katika miaka yangu yote ya utumishi wa umma sijawahi kuona agizo likitekelezwa haraka hivyo. (Makofi. Kiarie anainua kofia.)

Mama Nabalayo akafika polepole, akiegemea fimbo, akaketi kwenye gunia la sukari mbele ya Marvin. Watu walidhani atamtukana. Hakumtukana. Alimuuliza, "Hizi vitu unatuuzia, wewe mwenyewe unaziamini?"

Marvin akasema ndiyo. Akasema yeye huzipata kwa mwenye stoo, huyo ndiye humletea maboksi, na ameambiwa ni teknolojia mpya. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hata mama yangu nimempatia."

Brigid akauliza kama huyo mama alikuwa na dawa za kliniki.

"Alikuwa nazo. Nilimwambia aache."

(Mtoto analia, ananyamazishwa.)

Ndugu zangu, hapa kwenye karatasi yangu nimeandikiwa sehemu ya mafanikio ya Mamlaka katika kipindi cha miaka mitatu. Naona nitaruka.

Mama Nabalayo aliinuka kabla ya mtu yeyote. Aliuliza huyo mama yuko wapi, akaambiwa mtaani Munyaka, akamwambia Kiarie afungue mlango. Polisi walikuwa wamefika, na nasema kwa heshima yao kwamba hawakubishana naye. Walipitia kwa Cate, yule muuguzi wa zahanati ya kibinafsi, akabeba mashine ya kweli ya presha, ile ya kujazwa upepo. Wakamkuta mama yake Marvin, Mama Rosebella, amekaa sebuleni, pazia limefungwa kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza macho, amevaa ile mashine ya mwanawe mkononi kama saa ya sherehe. Alipoona polisi alidhani kijana amekufa. Alipomwona kijana mwenyewe amesimama nyuma yao alimuuliza kama amekula.

Cate alimpima. Hakutaja namba. Alisema tu, "Huyu anaenda sasa hivi," na gari la polisi ndilo lililompeleka. Marvin alikaa naye nyuma akimshika, na Mama Nabalayo akakaa upande ule mwingine, akimshika kwa mkono wake mzima.

Mama Rosebella alipona. Yuko hapa leo, amekaa na Mama Nabalayo, na nimeambiwa siku hizi wanaenda kliniki pamoja na wanawekeana nafasi kwenye foleni. (Makofi. Mama Rosebella anajifuta macho kwa leso.) Marvin aliwaonyesha polisi ile stoo iliyoko nyuma ya duka moja mjini, mwenye mzigo akakamatwa akiwa katikati ya maboksi yake, na kesi iko mahakamani, hivyo siwezi kuongea zaidi, jambo ambalo mnajua linaniumiza. (Kicheko.)

Lakini kuna moja nitasema. Kabla Marvin hajaandikisha taarifa yake, alimuuliza Mama Nabalayo amfanyie nini ili amsamehe. Mama akamjibu, "Mimi achana na mimi. Tafuta wote uliowauzia, uwaambie warudie dawa zao." Na kijana aliwatafuta. Alizunguka Huruma, akazunguka Munyaka, akapanda mpaka mjini, nyumba kwa nyumba, Brigid akiwa naye ili watu wasimpige. Wengine walimfukuza. Mzee mmoja alikataa kuvua mashine, akisema ndiyo pekee kwake nyumbani inayompa habari njema. (Kicheko.) Brigid aliomba kiatu cha mzee mwenyewe, akakifunga ile mashine ya mama yake, akamwonyesha: iko sawa. Mzee akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Hayo, mabibi na mabwana, ndiyo mafanikio ya Operesheni Safisha Skrini. (Minong'ono.) Nimesikia hiyo minong'ono, na kama kiongozi msikivu nitaijumuisha kwenye ripoti. Sasa naomba tuseme pamoja kauli mbiu zetu, zilizoandaliwa na mshauri kwa gharama ambayo haikuzidi bajeti, kwa kuwa bajeti haikuwepo. Nikisema dawa ya skrini, mseme haipiti! Dawa ya skrini! (Haipiti, wanajibu, hasa watoto.) Mashine ya uongo! (Hapa hawakuelekezwa waseme nini. Mmoja anasema Amina.)

Asanteni. Na kabla sijaketi, naomba wanachama wa Kikosi Kazi waliotekeleza operesheni hii wasimame tuwatambue. (Hakuna anayesimama. Watu wanageuka kuangalia viti vya nyuma.)

Vizuri. Hawasimami kwa sababu hawajateuliwa, na hawajateuliwa kwa sababu jopo la kuwateua litaundwa baada ya sera kupitishwa, nayo sera itaandikwa mara tu tutakapopata mtu wa kuiandika. Gari la Kikosi limeombwa. Ofisi ya Kikosi ina mlango, ila mlango huo kwa sasa unatumiwa na idara ya mifugo. Kwa hivyo nawashukuru sana, kwa moyo wangu wote, kwa kujitokeza kwa wingi kusherehekea mwaka wa kwanza wa Kikosi Kazi ambacho, tukiongea kiufundi, hakijawahi kuwepo.

Katika kipindi hiki cha mpito, mwananchi yeyote akiuziwa dawa asiyoielewa asisite, apeleke ripoti mara moja kwa duka la Kiarie, na Kiarie asipokuwepo, kwa saluni ya Brigid. Mungu awabariki.

(Brigid anafunika uso kwa mikono. Makofi, marefu kuliko yote ya siku hiyo, na hayaelekei jukwaani.)