Mjukuu Wangu Anatembeza Marehemu

Magamba, Mpanda
Jumatatu

Kwa Ndugu Hilari,
Mwenyekiti, Kamati ya Misiba ya Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUMZUIA JENIFFER ASIMTEMBEZE MAREHEMU BIBI YAKE SIKU YA JUMAMOSI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limeacha kuuma. Mimi si mzima hata kidogo. Nina hasira, na nimeona niziandike kwa heshima kabla sijaja kuzisema kwa fimbo.

Unanijua. Mimi ndiye mtani wa misiba hapa Magamba. Nyie wenyewe mkifiwa, turubai halijafungwa mnaulizana kama Fabiani ameshafika. Mimi ndiye ninayevaa koti la marehemu, nikatembea alivyotembea, nikakohoa alivyokohoa, mpaka mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Kazi hii nimeirithi kwa baba yangu, naye kwa baba yake. Sasa Jeniffer, mtoto wa binti yangu, amejifunza kwenye laptopu kutengeneza katuni zinazotembea. Jumamosi tunamaliza msiba wa mke wangu Natalia, na huyu mtoto anataka kutundika shuka jeupe mbele ya watu, aonyeshe hapo katuni ya bibi yake anatembea. Naomba kamati imkataze. Sababu zangu ni hizi:

1. Amejifunza bila kufundishwa. Nilimuuliza mwalimu wake ni nani, akanionyesha kijana mmoja wa nchi za mbali, yuko kwenye video, anaongea Kiingereza mbio kama anafukuzwa. Kiingereza cha Jeniffer ni cha kuombea maji. Basi anazima sauti, anaangalia mshale wa yule kijana unabofya wapi, anamsimamisha, na yeye anabofya hapohapo. Akikosea anamrudisha nyuma, mwalimu mzima! Bando likiisha, shule imefungwa. Mwalimu huyo hajawahi kupewa shikamoo wala kupelekewa kuku. Mimi baba yangu alinifundisha kukohoa kwa bakora. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini huyu mama yake alimfunza vizuri tu. Kwa ulimwengu amekwenda mwenyewe, kwa bando lake.

2. Anaangalia miguu ya watu. Alianza na mpira. Siku nyingi tu, binti mkubwa, anadundisha kwenye laptopu mpira ambao haupo. Mpira ulipokubali kudunda akahamia kwenye miguu. Anakaa pale kwa Mama Esteria muuza vitumbua, watu wakipita anawakodolea macho kuanzia kiunoni kushuka chini. Mama Esteria mwenyewe aliombwa arudi apite tena, polepole, na sinia lake kichwani, na akapita! Tangu hapo mtaa mzima tunatembea kwa kujishtukia. Juzi nimemwona katekista anavuka barabara kama mtu anayepimwa suti. Napendekeza kamati itangaze kwamba mwendo wa mtu ni mali ya ukoo wake, usiigwe mpaka afe, na akishakufa uigwe na mtani peke yake.

3. Msiba wa mzee Eustace. Hapa niliumia, Mwenyekiti, sikufichi. Nilikuwa nimejiandaa vizuri: mkono mgongoni, kichwa mbele, ule mwendo wake wa kutafuta kuku aliyepotea. Nasimama nivae koti, nakuta watu wamenipa mgongo wanaangalia ukuta. Ukutani Eustace anatembea, na mkono wake mgongoni! Watu wakacheka, wakalia, mjane akaomba warudie. Toka nianze kazi hii hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia nirudie. Nikalirudisha koti la watu, nikaenda kukaa karibu na masufuria.

4. Tovuti. Ametengeneza tovuti ya ukoo wetu, hiyo nayo kajifunza hivyohivyo kwa kuzima sauti. Picha yangu iko juu kabisa, imevutwa pembeni mpaka nimekuwa mpana kama kabati. Chini yake kuna kitufe kimeandikwa Mtani Wetu. Ukikibofya unapelekwa kwenye ukurasa unaosema bado unatengenezwa. Yaani mimi, kwa umri huu, bado natengenezwa! Halafu ndugu zetu wa Kapalamsenga wameanza kusema barabara ni mbaya, msiba watauangalia kwenye simu. Wacheke bila kuleta hata debe la unga? Kicheko cha msibani kina masharti yake. Unakuja, unakaa chini, unakula maharage yenye mawe, ndipo unacheka.

5. Marehemu hafiki. Hizi katuni zake zinakwenda kwa mzunguko. Eustace alifika mwisho wa ukuta, akatokea tena mwanzo, akafika, akatokea, na sisi tumetoka kumzika mchana uleule! Mimi nikimwigiza mtu, mwisho wake navua koti, nalikabidhi kwa wafiwa, na kila mtu anajua kwamba sasa amekwenda. Jeniffer hana koti la kuvua. Mtu akishazikwa afike jamani, tupumzike sote.

6. Natalia mwenyewe. Sheria ya utani unaijua: mume hamtanii mkewe msibani. Anayemtania bibi ni mjukuu. Jeniffer toka mdogo ananiita mume wangu, na bibi yake alikuwa akimwita mke mwenza, wanagombania kiti cha karibu na mimi. Kwa hiyo siku tunamzika Natalia nilikaa mkekani na wafiwa wenzangu, mikono magotini, namsubiri mjukuu ainuke amwigize. Hakuweza. Alilia tu. Natalia wangu akaenda bila mtu wa kumwigiza, mke wa mtani! Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Haki ni ya Jeniffer, sikatai, lakini sheria inasema mjukuu, haisemi laptopu. Na nimechungulia hiyo kazi yake. Kamtembeza bibi yake anarusha mikono yote miwili mbele na nyuma kama askari wa gwaride, kwa sababu yule kijana wa kwenye video anatembeza watu wasiobeba kitu. Natalia! Mwanamke ambaye toka namuoa sijamwona njiani mikono mitupu! Nilitoka nje nikajifanya natafuta mbuzi.

Kwa hiyo naomba shuka jeupe la kamati lisitolewe Jumamosi, umeme wa pale nyumbani ukatwe toka asubuhi, na kuanzia sasa yeyote anayetaka kujua jambo hapa Magamba aje kwanza mbele ya kamati na mtu aliyemfundisha, tumwone kwa macho. Kamati ikishindwa, nitahamia Mwese nikafie huko milimani, ambako mtandao unashika kwa kubahatisha na mtu akifa anakufa moja kwa moja.

Naishia hapa, maana naona hasira zinataka kupoa kabla sijaweka sahihi. Msalimie mama watoto, wasalimie wanakamati wote, hata yule mgawa nyama aliyeniruka kwa Eustace. Mama Esteria mwambie atembee anavyotaka.

Ndimi mwenzako katika kufiwa,
Fabiani
Mtani wa kuzaliwa, si wa kujifundisha

N.B. Barua hii imekaa mfukoni, leo ni Alhamisi. Nilikwenda kwa Jeniffer kumwambia kwamba namshtaki kwako, nikaona kwanza nimrekebishie ile mikono, angalau nishtaki kitu kilichonyooka. Nikajifunga kitenge cha marehemu, nikajitwika ndoo ya maji, nikamwonyesha: shingo haitikisiki, kazi inafanywa na kiuno, mkono mmoja umeshika ndoo, wa pili unakamata kitenge kinacholegea. Sheria inakataza msibani, uani haikusema. Nimepita ua mzima mpaka nikalowa. Jeniffer akaniambia rudia, babu. Nikarudia. Akaniambia tena rudia, nikarudia.

Sasa ni Natalia kabisa, Mwenyekiti, utamwona. Lile shuka nalihitaji, na jenereta ya kamati pia, maana umeme wa Jumamosi siuamini. Kuhusu namba tano, Jeniffer aliniuliza kama bibi akifika mwisho wa shuka amsimamishe. Nimemwambia asimguse, amwache apite tena.