Nyanya Hapingwi

Jumatatu, 11 Agosti
Mama amenitoa sadaka! Wiki nzima ya likizo yangu ni mafunzo ya walezi wa wazee, ukumbi wa kanisa hapa Voi. Sababu ni Nyanya. Siku hizi anasahau. Kila jioni anataka kurudi kijijini kwake Ronge kumfunga ng'ombe wake Malkia, aliyeuzwa nikiwa darasa la tatu. Jana nilimshika mkono nimzuie. Nikala fimbo. Madam Tryphena, anayetufunza, amesema hiyo nilijitafutia. Mtu hashikwi kwa nguvu. Simama kando, shusha sauti, usimpinge.

Halafu kuna Moureen, anayemlea babu yake. Mungu wangu! Hata salamu imenishinda.

Jumanne, 12 Agosti
Igizo. Mimi mgonjwa mkali, Moureen mlezi. Nilishindwa hata kukunja uso. Akainama, akaniambia tulia babu, niko hapa. Nilitulia mpaka Madam akauliza kama nimezimia.

Jumatano, 13 Agosti
Nyanya kauliza kama nimemkamua Malkia. Sikumpinga! Nikasema ndiyo, tena lita mbili. Akataka chai ya maziwa hayo. Mbio dukani. Akaigeuzageuza ile pakiti, akauliza tangu lini Malkia anatoa maziwa yenye maandishi.

Madam anasema kutopinga si kudanganya. Ningemwomba tu anisimulie habari za Malkia. Si angesema mapema!

Ijumaa, 15 Agosti
Mafunzo yameisha na sijamwambia Moureen kitu. Lakini nina mpango. Nyanya akiona msichana yeyote, anamwozesha kwangu. Basi Moureen aje nyumbani tufanye mazoezi, Nyanya anisemee! Nimemwalika kwa meseji, nikiwa nyuma yake kwenye foleni ya chai. Kakubali.

Jumamosi, 16 Agosti
Kaja! Nyanya hakuniangusha. Huyu ndiye mke wa Dominic? Anahamia lini? Mimi macho darini. Moureen akacheka kidogo, akamuuliza, na wewe Nyanya, uliolewaje? Nyanya akaketi, akasimulia mpaka giza likaingia. Leo hakudai kwenda popote. Mama alijifuta macho kwa leso.

Na Moureen hakukataa kuitwa mke wangu! Nyote mmeshuhudia!

Langoni Moureen akaniambia taratibu kwamba mafunzo yanakataza kumpinga Nyanya, hayakatazi kunipinga mimi. Kwa hivyo, Dominic, hapana.

Maskini. Kumbe ana haya kuliko mimi. Kesho nitaulizia ukumbi wa kanisa. Desemba huwa unajaa harusi mapema.